Kijiko Kimoja, Alama ya Sitini

Chupa ilikwisha, mtoto akaendelea kunyonya hewa. Alinyonya kwa nguvu, mashavu yakibonyea ndani, macho kayakaza kwa bibi yake, kisha akaitema chuchu ya mpira, akavuta pumzi moja ndefu na kuangua kilio.

"Umekunywa, mume wangu," bibi alimwambia. "Mia na ishirini, kama karatasi inavyotaka. Sasa unanidai nini tena?"

Mume mwenyewe alikuwa na miezi mitatu na nusu. Mkewe alikuwa na miaka sitini na mitatu, goti moja bovu, na chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Utani huo wa bibi na mjukuu haukuwa na wa kuucheka tena, kwa sababu binti yake wa mwisho, mama wa mtoto, alitokwa na damu siku ya tisa baada ya kujifungua na hakurudi kutoka hospitali. Baba wa mtoto alikwenda mbali kutafuta kazi. Alikuwa akituma salamu. Salamu hazichemshwi.

Mtaa mzima ulimwita Mama Upawa. Kwa miaka ishirini na minane alipika uji katika shule ya msingi, kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani, na upawa wake ulijulikana: mmoja kwa kila kikombe, umejaa, haukuzidi kwa mtoto wa mwalimu mkuu wala haukupungua kwa yule asiye na viatu. Miaka yote hiyo aliandikwa kibarua. Goti lilipokataa kazi walimpa barua ya shukrani, ikasomwa mbele ya wanafunzi, wakapiga makofi, yakaishia hapo. Lakini jicho lake hawakulichukua. Aliweza kusimama mlangoni mwa jiko la mtu na kujua, kwa jinsi uji unavyoanguka kutoka kwenye mwiko, kama wanaousubiri watashiba au watadanganyika.

Ndiyo maana maziwa haya yalimkera.

Karatasi ya zahanati ilikuwa ukutani, imegongelewa misumari minne. Ilikuwa na umri wa mtoto upande mmoja, kiasi cha maziwa katikati, na idadi ya mara upande mwingine. Mwezi wa pili, tisini, mara saba. Mwezi wa tatu na wa nne, mia na ishirini, mara sita. Chini kabisa kulikuwa na herufi nene: KIJIKO KIMOJA CHA KOPO KWA MAJI ALAMA YA SITINI. USIZIDISHE. USIPUNGUZE. Mama Upawa hakuwa msomaji wa kujivunia, maneno marefu yalimchosha, lakini namba zilikuwa zake tangu jikoni. Alichemsha maji mpaka yatokote, akayaacha yapoe kidogo, akayamimina chupani kwanza mpaka alama ya mia na ishirini. Alichota unga kwa kijiko cha kopo, akakipitishia mgongo wa kisu kiwe sawasawa. Vijiko viwili. Akafunga, akatikisa, akadondosha tone upande wa ndani wa mkono kupima joto. Yatakayobaki chupani baada ya saa moja yamwagwe, karatasi ilisema. Yalikuwa hayabaki.

Miezi miwili ya mwanzo, maziwa yalipokuwa ya kopo la njano, mambo yalikwenda. Mtoto alikunywa, akacheua, akalala mdomo wazi kama mlevi. Kila alipowekwa kwenye mizani alipanda. Kisha, wiki sita zilizopita, makopo ya njano yakaisha zahanati na yakaja ya bluu, yenye maandishi ya lugha ambayo hata Sista, muuguzi wa watoto, hakuijua. Ya njano yalionekana bado mjini, ila dukani, rafu ya juu, nyuma ya kioo cha kufungwa kwa ufunguo. Siku ya kwanza ya kopo la bluu, tone lilipodondoka mkononi, Mama Upawa aliiona ngozi yake chini ya maziwa.

Hakunyamaza. Siku ya kliniki alikwenda kusema.

Sista alikuwa binti ambaye Mama Upawa angeweza kumzaa, mkali wa kazi, si mtu mbaya. Alimpa shikamoo, akampokea mtoto, akamvua nguo mwenyewe.

"Sista mwanangu, maziwa haya mapya ni mepesi."

"Mepesi kivipi, bibi?"

"Mepesi tu. Ningewapa uji wa namna hii darasa la kwanza wangeandamana."

Wanawake kwenye benchi walicheka. Sista naye alicheka, kisha akaacha.

"Bibi, hapa hatupiki uji. Maziwa ya kopo ni kama dawa, yana kipimo chake. Ukizidisha unga utaharibu figo za mtoto, na atakayeulizwa ni mimi. Una macho ya kupimia figo?"

"Sina."

"Basi fuata karatasi. Asiyesikia la mkuu?"

"Huvunjika guu," benchi zima likaitikia.

Mama Upawa akasikia la mkuu. Kama ni lazima atafutiwe kosa, kosa lake la kwanza lilikuwa hilo. La pili lilikuwa uaminifu. Zahanati ilitoa makopo mawili kwa wiki kwa kila mtoto asiye na maziwa ya mama, na wakati wa kopo la njano yalitosha kwa tabu. Ya bluu yalipoanza, wiki ilikwisha kopo moja likiwa halijafunguliwa. Mwingine angelisukumia uvunguni akamshukuru Mungu wake. Yeye, ambaye kwa miaka ishirini na minane hakuwahi kutoka jikoni na hata ngumi moja ya sukari ya shule, alilirudisha.

Sista alilinyanyua kopo juu watu waone. "Mnaona mtu anayejua kutunza? Nyie wengine ya kwenu yako wapi?" Mmoja mmoja, kwa aibu, wanawake wakakiri kwamba na kwao yamebaki. Wiki iliyofuata kila mtoto aliandikiwa kopo moja. Mkuu wa zahanati, bwana wa mashati yaliyonyooka, alipita mwenyewe kwenye benchi kuwashukuru akina mama kwa kubana matumizi.

Baada ya hapo mizani ikaanza kusema mengine. Wiki moja mtoto hakupanda. Wiki ya pili alishuka kidogo, ya tatu akashuka tena.

"Unamlisha, bibi?"

"Namlisha."

"Mara sita?"

"Mara sita, Sista, na usiku naamka."

"Basi mbona hivi?"

Hilo ndilo swali alilokuja nalo yeye, na sasa aliulizwa yeye. Kufikia wiki ya sita nukta ya kalamu kwenye kadi iligusa mstari mwekundu. Sista aliizungushia duara. "Akishuka tena namwita afisa ustawi, bibi. Si mimi, ni utaratibu." Afisa ustawi alijulikana. Alikuwa na sauti ya upole na jalada la kijani, na watoto aliowachukua alikuwa akiwapeleka makao ya watoto. Hapakuwa na mtu mtaani aliyemjua mtoto aliyerudi kutoka huko.

Siku ileile ya duara, mchana, Mama Upawa akiwa amesharudi nyumbani, alikuwa na kazi mbili mkononi. Sufuria ya maharage ilikuwa jikoni, na mtoto alikuwa akililia chupa yake ya saa nane, au tuseme akililia ya saa nne ambayo haikumtosha. Kijiko cha kopo la bluu kikiwa bado mkono wa kulia, alipeleka wa kushoto kwenye mkebe wa chumvi. Ndani ya mkebe kulikuwa na kijiko cha kopo la njano. Mpishi hatupi kitu. Alikigeuza cha chumvi tangu kopo lile lilipoisha, akakizoea mpaka akaacha kukiona.

Sasa alikiona. Alivishika vyote viwili, kimoja huku kingine kule, akavitazama mpaka maharage yakaanza kushika chini.

Alichota chumvi kwa kijiko cha bluu, akaisawazisha kwa kisu, akaimimina kwenye cha njano. Akachota tena. Cha njano kikajaa, sawasawa, hata punje haikumwagika. Alirudia, na mara ya tatu akarudia. Kisha alilichukua kopo la bluu, akaachana na maneno, akatafuta namba. Zilikuwepo, nyuma, ndogondogo, kando ya picha ya chupa na kijiko. Moja, thelathini. Mbili, sitini. Nne, mia na ishirini. Namba hazina lugha.

Alikaa chini, juu ya sakafu, goti bovu na yote.

Wiki sita. Mara sita kwa siku alimpa mtoto maji yaliyotiwa rangi, akamwambia umekunywa, akamuuliza unanidai nini. Hasira ilimpanda, akaielekeza kwa karatasi, akaielekeza kwa Sista na figo zake, na mwisho ikamrudia mwenyewe, kwa sababu jicho liliona siku ya kwanza na yeye akaliambia linyamaze. Alilia kwa sauti. Mtoto, kwa kushangaa, alinyamaza.

Alitengeneza chupa ya vijiko vinne. Mtoto alikunywa mpaka yakabaki alama ya thelathini, akasita, akatazama dari, akaitoa chuchu mdomoni kwa ulimi. Hakulia. Alicheua kitu kikubwa kisicholingana na umbo lake, akalala. Chupani yalibaki maziwa, vidole viwili. Mama Upawa aliyakalia kwa saa nzima kama mlinzi, kisha akayamwaga, kwa sababu katika hilo karatasi ilikuwa kweli.

Siku nne walikaa kama wafalme. Siku ya nne kopo likakwisha.

Kliniki ilikuwa bado siku tatu mbele. Angeweza kukopa kwa jirani unga wa ulezi amkorogee mtoto mdogo kiasi kile uji, wapo waliofanya hivyo, na wapo waliozika. Alifunga vijiko viwili kwenye pindo la nguo, akatia chumvi kwenye karatasi, akabeba kopo tupu mfukoni na mtoto mgongoni, akaenda. Njia nzima alikuwa na furaha ya ajabu. Alijiona anapeleka habari njema.

Haikuwa siku ya kliniki, benchi lilikuwa tupu. Sista alimweka mtoto kwenye mizani bila maneno mengi. Kilo nne na gramu mia sita. Ile ya siku ya duara ilikuwa nne na nusu.

"Amepanda!" alisema Mama Upawa. "Siku nne tu, Sista, amepanda!"

"Bado yuko chini ya mstari, bibi. Na leo umefuata nini?"

"Kopo limekwisha."

Sista aliiweka kalamu chini. "Kopo la wiki nzima limekwisha siku nne? Wiki zote lilikuwa linakutosha."

"Lilinitosha kwa sababu nilikuwa nampa maji. Tazama."

Akafungua pindo. Palepale mezani, juu ya daftari la zahanati, alichota chumvi, akasawazisha, akamimina. Kimoja. Viwili. Cha njano kikajaa. Akamgeuzia kopo, akamwonyesha picha ya chupa kwa ukucha wa kidole gumba. "Kijiko kimoja, thelathini. Karatasi yenu ni ya kopo la njano, mwanangu. Kopo mmelibadilisha, karatasi hamkuibadilisha."

Sista aliirudia mwenyewe ile chumvi. Alitazama bango la ukutani, lililokuwa na herufi nene zilezile, akatazama tena vijiko, na rangi ikamtoka usoni. Kwa dakika moja walikuwa upande mmoja, mwanamke na mwanamke. "Ngoja hapa, bibi," alinong'ona, akachukua vijiko vyote viwili na kuingia ofisi ya Mkuu.

Alikaa huko muda mrefu. Zilisikika sauti mbili, kisha moja. Aliporudi alikuwa nyuma ya Mkuu, na macho yake hayakuwa tena ya kumwangalia mtu.

"Mama," alisema Mkuu. Shikamoo hakutoa. "Hivi vijiko umevipata wapi?"

"Ndani ya makopo yenu, daktari."

"Hiki cha njano si cha hapa. Hapa hatuna kopo la njano."

"Mlikuwa nalo. Wiki sita zilizopita."

"Unaliona lolote?"

Mama Upawa aliangalia rafu. Zote zilikuwa bluu, kuanzia chini mpaka juu. "Sasa silioni," alisema. "Daktari, ni watoto wangapi wanakunywa haya?"

"Arobaini na mmoja," alijibu Sista, kisha akaziba mdomo.

Mkuu alimgeukia Sista kwa jicho moja tu. Halafu alivuta kiti, akakaa, akaishusha sauti ikawa laini kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa. "Tuanze na yale yanayojulikana, mama. Mtoto amekonda. Maziwa yamekwisha kabla ya siku. Ungekuwa wewe umekaa kwenye kiti hiki, ungefikiri nini?"

"Ningetazama kijiko."

"Ungefikiri maziwa yanauzwa."

"Mimi?" Neno lilimtoka dogo. "Mimi nilirudisha kopo zima! Muulize Sista. Sista, sema."

Sista alikuwa akikung'uta chumvi kutoka kwenye daftari, punje kwa punje.

"Lile bango limetoka juu," aliendelea Mkuu. "Limepigwa muhuri. Siwezi kwenda kuwaambia wakubwa kwamba kuna mpishi wa uji amewasahihisha. Vijiko hivi vitabaki kwa uchunguzi." Alivitia kwenye droo, akafunga, ufunguo akautia mfukoni mwa shati.

Afisa ustawi alifika kabla ya saa tisa. Alikuwa mwanamke mwenye adabu. Yeye shikamoo alitoa, tena kwa kuinama. Alieleza kwamba hii si adhabu, ni uangalizi, na mtoto angekaa wadi ya lishe palepale nyuma ya zahanati. Mama Upawa alipofungua kitambaa mgongoni, kifundo kilikataa kulegea, afisa akamsaidia. Mtoto alikwenda mikononi mwa mgeni bila kulia. Alikuwa ameshiba.

"Sista," aliita Mama Upawa kutoka mlangoni, walipokuwa wakimtoa nje. "Vinne. Mnifunge, mfanye mnavyotaka, lakini mpeni vinne. Unanisikia?"

Sista alikuwa akipangusa mizani.

Lakini alisikia. Asubuhi ya tatu, siku ya kliniki, Mama Upawa aliporuhusiwa kuchungulia dirisha la wadi, alipita mbele ya bango na kusimama. Juu ya neno SITINI palikuwa pamebandikwa plasta nyeupe, ile ya kufungia vidonda, na juu ya plasta mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: thelathini. Hakuna aliyetangaza. Hakuna aliyeitwa. Kwenye dirisha la kugawia maziwa wanawake walikuwa wakipewa makopo mawili mawili tena, wakaambiwa serikali imewaongezea, wakashukuru.

Siku ya tano afisa ustawi alimwita, akamfungulia kadi. Nukta zilikuwa zikipanda kama ngazi.

"Gramu mia na themanini, bibi. Bila sindano, bila kidonge, kwa maziwa tu. Unajua maana yake?"

"Najua kuliko wewe, mwanangu."

"Maana yake nyumbani alikuwa halishwi."

Hapo ndipo Mama Upawa alipoliona shimo walilomchimbia, upana wake na kina chake. Mtoto angekonda, ingekuwa dhambi yake. Sasa ananenepa, na unene ndio ushahidi. Kila gramu ilisimama kumshitaki, na yeye kila usiku alikuwa akiziomba gramu ziongezeke. Alieleza tena. Vijiko viwili, chumvi, kopo la njano, plasta. Afisa alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ileile, kisha akauliza hivyo vijiko viko wapi.

"Kwa Mkuu. Kwenye droo."

"Nimemuuliza. Anasema hakuna vijiko."

Akamsogezea fomu. Mama Upawa aliisoma polepole, kidole kikitembea chini ya mstari. *Mimi mlezi nakiri kwamba nilimpunja mtoto maziwa.* Chini yake kulikuwa na visanduku viwili: kwa makusudi, na kwa kutojua. Alitafuta cha tatu. Aligeuza hata nyuma ya karatasi.

"Weka alama kwenye kutojua," alimshauri afisa. "Nakwambia kama mama yangu. Utahudhuria darasa la ulishaji Jumatano tatu, kamati itakaa Ijumaa baada ya hapo kuamua kama atarudi kwako, na mimi nitakutetea. Usipotia sahihi, jalada linakwenda makao ya watoto, na likishafika huko hata mimi silioni tena."

Mtu aliyegawa uji miaka ishirini na minane akatia sahihi kwamba alipunja. Kalamu ilikwama mara mbili. Afisa alipiga muhuri, akaandika kwenye jalada la kijani maneno mawili, na kwa kuwa hayakuwa marefu Mama Upawa aliyasoma yakiwa kichwa chini: *mlezi anafundishika*.

Alihudhuria Jumatano ya kwanza, akahudhuria na ya pili. Alikaa benchi la mbele, mahali pa wenye makosa, akaruhusiwa baada ya kila somo kumshika mjukuu wake kwa nusu saa na kumpa chupa iliyotengenezwa na mtu mwingine. Alikuwa akiigeuza chupa kwanza kwenye mwanga. Maziwa yalikuwa mazito kama inavyotakiwa. Mtoto alikuwa na kidevu cha pili sasa, akaanza kucheka na watu asiowajua.

Jumatano ya tatu baraza la zahanati lilijaa. Wanawake thelathini na kitu, watoto mapajani, joto la kuchosha. Afisa ustawi alikuwa kwenye kiti cha pembeni na majalada yake. Sista alisimama mbele, kopo la bluu mkono mmoja, chupa mkono wa pili.

"Maji kwanza au unga kwanza?"

"Maji kwanza!"

"Kijiko kinajazwa kichuguu?"

"Sawasawa!"

"Kijiko kimoja?"

"Alama ya thelathini!"

"Sijamsikia Mama Upawa. Sauti, bibi."

"Alama ya thelathini," alisema Mama Upawa.

Katikati ya benchi la tatu mkono ulinyooka. Alikuwa mwanamke mwembamba, mfua nguo za watu, aliyezoea kuja kliniki na watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, hata wote wakamwita Mama Pacha. Leo alikuja na mmoja. Yule wa pili alizikwa wiki tatu nyuma; kadi yake iliandikwa kuhara.

"Sista, mbona sisi tulifundishwa sitini?"

Mtoto mmoja alikohoa.

"Nani alikufundisha sitini?"

"Wewe. Hapahapa."

"Mimi nafundisha kilichoandikwa. Soma, kimeandikwa nini?"

Mama Pacha alisimama, akalisogelea bango, akasoma. Alirudi nyuma hatua moja. Aliwageukia wenzake kwenye mabenchi, na wenzake, mmoja baada ya mwingine, wakapata kazi ya kufanya kwenye kofia za watoto wao. Kila mmoja wao alikuwa na kopo la Ijumaa la kupokea. Mwisho alimgeukia aliye mkubwa kuliko wote pale.

"Mama," alisema, "wewe ni mtu mzima, huwezi kusema uongo. Si waliniambia sitini? Kijiko kimoja, sitini? Niambie tu, mama, sitaki kumshitaki mtu, nataka kujua. Mimi niliwapimia hivyo wote wawili."

Mama Upawa aliinua uso. Afisa alikuwa ameinua wake pia. Jalada la kijani lilikuwa wazi pajani, kalamu imefunguliwa. Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Nyuma ya ukuta, wadini, mtu alikuwa akimchekesha mtoto, na kicheko kile alikijua. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, ya chumvi na ya droo na ya plasta.

"Kijiko kimoja," alisema, "alama ya thelathini."

"Vizuri sana," alisema Sista, bila kuinua macho.

Afisa aliandika. Somo likaendelea na usafi wa chuchu. Mama Pacha alibaki amesimama palepale mbele ya bango, akihesabu kitu kwa vidole vya ule mkono usiobeba mtoto, akafika kidole cha mwisho, akaanza upya.